Shule za sekondari za Mwanza: Historia ya masomo na michezo kando ya Ziwa Victoria

MWANZA ni mji wa mawe. Miamba imesimama katika vilima vyake, imezunguka nyumba za Mabatini, Igogo na Bugarika, na mingine, kama ule wa Bismarck karibu na bandari, imejitokeza majini na kuwa alama ya mji huo. Kwa mgeni, mawe hayo ni mandhari ya kupendeza. Kwa mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari ni tatizo la kila siku, kwa kuwa ardhi tambarare ni haba na uwanja wa mpira wa miguu unahitaji eneo lililonyooka lenye urefu wa mita 100 hivi.

Historia ya michezo katika shule za serikali za jiji hilo imetegemea mambo manne, nayo ni uwanja, mwalimu, mashindano na njia anayoiona kijana mbele yake baada ya kumaliza shule. Yalipokuwapo yote manne, shule zilikuwa chemchemi ya wachezaji wa Kanda ya Ziwa. Lilipokosekana moja, vipaji viliendelea kuzaliwa, lakini kuonekana kwake kukawa ni bahati.

Chimbuko la shule

Mji wa Mwanza ulianza kama kituo cha utawala wa Wajerumani mwaka 1892. Reli kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928, chini ya Waingereza, mji huo uliunganishwa na bandari ya Dar es Salaam, na zao la pamba likaufanya kuwa kitovu cha biashara cha ziwa zima. Biashara ilihitaji makarani, wahasibu na mafundi, na hao walihitaji shule.

Elimu ya wakati wa ukoloni iligawanywa kwa rangi. Watoto wa Kizungu, wa Kiasia na wa Kiafrika walisoma katika shule tofauti zenye bajeti tofauti. Katika mji wa biashara kama Mwanza, jamii za Kiasia zilikuwa na shule zao mjini, misheni ziliendesha za kwao, na serikali ilikuwa na shule yake ya Waafrika huko Bwiru, kwenye vilima vya kaskazini mwa mji. Mfumo huo wa ubaguzi ulifutwa Januari 1962, mwezi mmoja baada ya Uhuru wa Tanganyika, na shule zote zikawekwa chini ya mfumo mmoja wa elimu.

Hatua kubwa zaidi ilifuata miaka saba baadaye. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliipa Serikali mamlaka ya kutaifisha shule za madhehebu na za jumuiya binafsi, na utekelezaji ukaanza mwaka 1970. Kwa njia hiyo shule zilizokuwa za kanisa au za jamii moja ziligeuka kuwa mali ya umma. Nganza, shule ya wasichana iliyoko kusini mwa jiji, kabla ya hapo ilikuwa ikifahamika kwa jina la Rosary na ilikuwa mikononi mwa Kanisa Katoliki.

Kutokana na historia hiyo, Mwanza ilijikuta na kundi la shule za serikali zilizofahamika nchi nzima: Bwiru Wavulana na Bwiru Wasichana, Nsumba, Nganza, na zile za katikati ya mji kama Mwanza Sekondari na Pamba. Bwiru Wavulana iliingia pia katika orodha ya shule saba kongwe za ufundi za serikali, pamoja na Ifunda, Iyunga, Moshi, Mtwara, Musoma na Tanga. Shule ya Sekondari Lake, nayo ya Mwanza, inakumbukwa kwa kuwa John Magufuli, aliyekuja kuwa Rais wa Awamu ya Tano, alisoma hapo kati ya mwaka 1977 na 1978 kabla ya kwenda Mkwawa, Iringa.

Bweni na timu

Baada ya Uhuru, Serikali iliwapangia wanafunzi wa sekondari shule za mbali na kwao kwa makusudi, ili vijana wa makabila mbalimbali waishi pamoja. Timu ya shule ya Mwanza haikuwa timu ya Wasukuma peke yao. Mlinda mlango angeweza kutoka Mtwara, mshambuliaji Kigoma na mkimbiaji wa mbio ndefu Mbulu. Lugha yao ilikuwa Kiswahili, na uwanja wao ulikuwa ndani ya uzio wa shule.

Kuishi bweni kulikuwa na faida nyingine. Mwanafunzi hakuhitaji nauli wala kutembea kilomita kadhaa jioni. Vipindi vilipokwisha mchana, saa kumi alikuwa uwanjani na saa kumi na mbili alikuwa bwaloni. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Julius Nyerere Machi 1967, nayo ilisisitiza kwamba shule haipaswi kupima mtihani peke yake. Ilitakiwa kumjenga kijana kwa kazi na ushirikiano. Mwaka huo huo lilianzishwa kwa sheria Baraza la Michezo la Taifa, na michezo ikapata chombo rasmi cha kuisimamia.

Mashindano ya shule yalipewa mfumo wa ngazi. Shule za msingi zikawa na UMITASHUMTA, na za sekondari UMISSETA. Mchezaji huanzia katika timu ya shule yake, huchaguliwa kuingia timu ya wilaya, kisha ya mkoa, na mwisho hukutana na wenzake wa mikoa mingine katika fainali za taifa. Soka, netiboli, mpira wa wavu, kikapu, mpira wa mikono na riadha ndiyo michezo iliyozoeleka zaidi, huku ngoma na kwaya zikiwa na nafasi yake.

Umuhimu wa mfumo huo ulikuwa katika macho ya watu waliokuja kutazama. Viongozi wa klabu, majeshi na mashirika ya umma walijua kwamba kila mwaka, mahali pamoja, wangewaona vijana bora wa nchi nzima bila kupita shule moja moja.

Pamba, reli na ajira

Kijana aliyecheza vizuri sekondari miaka ya 1970 na 1980 aliweza kupata ajira kwa mguu wake. Mashirika ya umma, viwanda na majeshi yalikuwa na timu, na mchezaji aliajiriwa kama karani, fundi au askari huku akicheza. Wahitimu wa kidato cha sita walipitia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria hadi utaratibu huo uliposimamishwa mwaka 1994, na huko nako kulikuwa na michezo. Utaratibu huo ulirejeshwa mwaka 2013.

Kwa Mwanza, jina lililobeba historia hiyo ni Pamba. Klabu hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1968 katika tasnia ya zao lililoujenga mji, ilikuwa miongoni mwa timu chache za mikoani zilizoweza kuzitia hofu Simba na Yanga. Uwanja wa Nyamagana ulioko katikati ya mji, na baadaye CCM Kirumba, vilikuwa mahali ambapo mwanafunzi wa Jumamosi alimwona mtu wa mji wake akicheza na vigogo wa Dar es Salaam.

Miaka ya 1990 ilibadili mambo. Mashirika ya umma yalibinafsishwa au kufa, biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka 1994, na timu zilizotegemea fedha za mashirika zikadhoofika. Pamba yenyewe ilishuka na kukaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20. Ilirejea mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji, chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Katika kipindi chote hicho, mwanafunzi aliyekuwa na kipaji aliendelea kucheza, lakini ile nafasi ya kazi iliyokuwa ikimngoja mwisho wa njia ilikuwa imetoweka.

Mfano wa Nyambui

Kanda ya Ziwa ina ushahidi wa jinsi kijana wa kijijini anavyoweza kufika mbali akipata njia. Suleiman Nyambui alizaliwa mwaka 1953 Majita, kando ya ziwa katika eneo la Musoma. Katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 alishika nafasi ya pili katika mbio za mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, na kupata medali ya fedha. Katika michezo hiyo hiyo, Filbert Bayi alipata fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hadi kumalizika kwa Michezo ya Paris mwaka 2024, hizo mbili zilikuwa ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania.

Nyambui hakufika hapo kwa mapafu peke yake. Alipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, Marekani, ambako masomo na riadha viliendeshwa pamoja, na akatwaa mataji ya vyuo vikuu vya nchi hiyo. Baadaye alishinda mbio za marathoni za Berlin mwaka 1987 na 1988, kisha akawa kocha na kiongozi wa riadha nchini. Mazingira yaliyomkuza ni yale yale ambayo shule za Mwanza zimekuwa zikiyapata na kuyapoteza: mahali pa kukimbilia, mtu wa kufundisha, mashindano ya kupimana na taasisi ya kumpokea.

Mashindano kusimama na kurejea

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa kwa hoja kwamba yalikuwa yakiathiri masomo. Wadau wengi wa michezo walilalamika, na uamuzi huo umeendelea kutajwa kila mara Tanzania inapofanya vibaya katika mashindano ya kimataifa. Mashindano yalirejeshwa baadaye chini ya Serikali ya Awamu ya Nne.

Hoja ya wasiwasi kuhusu masomo haikuwa ya kupuuzwa. Wazazi waliona wanafunzi wakiondoka shuleni kwa majuma kadhaa, na ufaulu wa mtihani ndio uliofungua mlango wa kidato cha tano. Hata hivyo, gharama ya kusimamisha mashindano haikuonekana mwaka ule ule. Kijana wa miaka 15 anayekosa mashindano hadi afike 19 huwa amekwisha kupita umri wa kujifunza misingi, na mwalimu anayekaa miaka kadhaa bila timu hupoteza ari na ujuzi.

Mwaka 2016 mashindano yalisimama tena, safari hii ili fedha zake zielekezwe katika kununua madawati. Yaliporejea mwaka 2017, mwenyeji wa fainali za taifa alikuwa Mwanza, na ikawa hivyo tena mwaka 2018. Maelfu ya wanafunzi kutoka mikoa yote walikuja mjini humo, na viwanja vya Chuo cha Ualimu Butimba na vya Nsumba vikawa kitovu cha michezo ya vijana nchini. Fainali zilihamia Mtwara mwaka 2019, hazikufanyika mwaka 2020 kutokana na ugonjwa wa korona, zikarudi Mtwara mwaka 2021, kisha zikaenda Tabora mwaka 2022.

Uteuzi wa Mwanza haukuwa wa bahati. Shule za bweni za zamani na chuo cha ualimu zilikuwa na kitu ambacho shule mpya nyingi hazina, yaani mabweni ya kulaza wageni na ardhi ya kuchezea.

Shule nyingi, viwanja vichache

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulilenga kila kata iwe na shule ya sekondari. Idadi ya shule za sekondari nchini ilipanda kutoka 1,291 mwaka 2004 hadi 4,266 mwaka 2010. Maelfu ya watoto ambao wangeishia darasa la saba waliingia kidato cha kwanza. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na baadaye hadi kidato cha sita.

Hayo yalikuwa mafanikio makubwa, lakini shule nyingi za kata zilijengwa kwa haraka, kwa nguvu za wananchi, katika vipande vya ardhi vilivyopatikana. Katika mji wa mawe, kipande kilichopatikana mara nyingi kilikuwa mteremkoni. Madarasa yalitangulia, vyoo vikafuata, maabara zikaongezwa, na mahali palipotengwa kwa uwanja pakaendelea kupungua.

Wakati huo huo mji ulikua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 706,000 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela zinazounda jiji la Mwanza. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.1. Kila kiwanja kitupu kilipata thamani mpya, na eneo la shule lisilopimwa wala kuwa na hati likawa rahisi kumegwa na majirani.

Mwanafunzi wa shule ya kutwa ana mzigo mwingine. Humaliza vipindi alasiri, hupanda daladala au hutembea, na nyumbani anasubiriwa na kazi. Saa kumi jioni, ambayo kwa mwanafunzi wa bweni ni saa ya mazoezi, kwake ni saa ya safari.

Anayelipa ndiye anayecheza

Pengo hilo limejazwa kwa sehemu na shule binafsi. Mwanza yenyewe ina mfano wa Alliance, shule iliyojenga akademi ya soka na kuifikisha timu yake Ligi Kuu mwaka 2018. Mbao FC, timu nyingine ya jiji hilo, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2017 na kufungwa na Simba mabao 2-1 mjini Dodoma. Timu zote mbili zilishuka daraja mwaka 2020. Katika ngazi ya shule, wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma, nayo shule binafsi, walitwaa ubingwa wa Afrika wa soka la shule huko Durban, Afrika Kusini, mwaka 2023.

Mafanikio hayo yanaonyesha kwamba vipaji vipo na kwamba shule inaweza kuvikuza. Yanaonyesha pia hatari iliyopo. Pale ambapo uwanja, kocha na mashindano vinapatikana katika shule ya kulipia pekee, mtoto wa mvuvi wa Kirumba au wa mama muuza dagaa wa Mwaloni hutegemea ufadhili au huruma ya mtu aliyemwona akicheza mtaani.

Mkoa wenye walimu

Kwa upande wa walimu, Mwanza haina sababu ya kuwa nyuma. Chuo cha Ualimu Butimba kinafahamika kwa kuandaa walimu wa michezo, muziki na sanaa. Katika Wilaya ya Kwimba, mkoani humo humo, kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, chuo cha Serikali kinachofundisha ukocha, uongozi na elimu ya michezo. Mikoa michache nchini ina vyuo viwili vya namna hiyo.

Tatizo liko katika nafasi anayopewa mwalimu huyo anapofika shuleni. Mara nyingi hupangiwa vipindi vya somo jingine, na michezo hubaki kazi ya ziada ya jioni. Mabadiliko ya karibuni yanaweza kuigusa hali hiyo. Serikali imeteua shule 56 za kuendeleza michezo nchini, na mwaka 2024 ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano zilizofanya jumla yake kuwa 65, michezo ikiwa moja ya makundi yake. Somo linapoingia katika mtihani, mwalimu wake huingia katika ratiba, na hoja ya zamani kwamba michezo hula muda wa masomo hupungua nguvu.

Hesabu ya uwanja

Suala la ardhi nalo lina hesabu yake. Uwanja wa soka wa mita 100 kwa 64 unachukua mita za mraba 6,400. Njia ya kukimbilia ya mita 400 huhitaji eneo la takribani mita 176 kwa 92. Ni shule chache za mjini zinazoweza kuwa na nafasi hiyo. Lakini uwanja wa netiboli una mita 30.5 kwa 15.25, wa kikapu mita 28 kwa 15 na wa wavu mita 18 kwa 9. Katika eneo la uwanja mmoja wa soka, hata ukiacha nafasi ya pembeni, huingia viwanja vinane vya netiboli.

Maana yake ni kwamba shule ya kata iliyobanwa na miamba inaweza kuwa na timu imara ya netiboli, wavu au kikapu kwa kusawazisha kipande kidogo, huku shule kadhaa jirani zikishirikiana uwanja mmoja mkubwa kwa soka na riadha. Mkimbiaji wa mbio ndefu anahitaji hata kidogo zaidi, kwani vilima vya Mwanza vyenyewe ni mazoezi, na tangu mwaka 2009 mbio za Rock City Marathon zimekuwa zikiwapa wakimbiaji wa jiji mashindano ya nyumbani.

Kabla ya kusawazisha, hata hivyo, shule inapaswa kuwa na uhakika kwamba ardhi ni yake. Eneo lililopimwa na kupewa hati haliwezi kugeuzwa viwanja vya nyumba kimya kimya. Bwiru, Nsumba na Nganza zilirithi ardhi yao kutoka enzi ambazo mji ulikuwa mdogo na nafasi ilikuwa tele. Shule zilizojengwa baada ya mwaka 2004 hazina urithi huo, nazo ndizo zenye wanafunzi wengi zaidi wa jiji.